Walio Chini ya Nyumba Yetu

Kila Jumapili baada ya ibada, binamu yangu huzunguka nyuma ya nyumba ya bibi yetu kule Iyula akiwa na tepu ya fundi. Hupima umbali kati ya vigingi viwili tulivyovikita ardhini, kimoja upande wa nyumba, kingine upande wa bonde. Katikati ya vigingi hivyo kuna ufa. Kisha hunitumia namba kwa simu, bila salamu wala maelezo. "38." Wiki inayofuata, "38." Jumapili moja ya Machi iliyopita ilikuja "39 na nusu". Nilikuwa Morogoro, zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani, na usiku huo nilikaa kitandani hadi alfajiri nikisikiliza mvua ambayo hata haikuwa ya kwetu.

Sentimita moja na nusu ni upana wa kidole. Ukiiona kwenye daftari la shule hutaijali. Lakini ikiwa ni ardhi ndiyo iliyosogea, na juu yake amelala mwanamke wa miaka themanini na kitu, upana wa kidole ni habari kubwa.

Nasomea shahada ya uzamili katika mambo ya ardhi na maji pale SUA. Kwa hiyo watu nyumbani huniuliza swali la kitaalamu: je, mlima utashuka? Hilo naweza kulijaribu. Swali linaloninyima usingizi ni jingine, na hakuna kozi iliyonifundisha kulijibu. Mtu akijenga juu ya mteremko, nani anapaswa kuushika mteremko huo usianguke, na kwa gharama ya nani?

*

Iyula iko kwenye nyanda za juu za Mbozi, mkoa wa Songwe. Wasafiri wanaopita barabara kuu kuelekea Tunduma huona kahawa na mahindi yamenyooka hadi upeo wa macho, wakadhani nchi yetu ni meza. Ukiacha lami ndipo unagundua kwamba meza ina kingo. Nyumba ya bibi iko kwenye ukingo mmojawapo. Ukifungua mlango wa nyuma unaona hatua kama kumi za uwanja, halafu ardhi inakatika kwenda bondeni, kwenye chemchemi na mashamba ya watu wengine.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini babu alijenga pembeni namna ile wakati alikuwa na eneo tambarare. Alinishangaa. "Tambarare ni ya kahawa," alisema. "Mtu analala popote."

Babu hakuwa mjinga. Alipanda mipaini chini ya ukingo ule, safu tatu, jumla miti 31. Sisi watoto tulidhani ni miti ya kivuli na ya kuokotea kuni. Sasa najua kwamba mizizi ilikuwa ikifanya kazi ya ukuta: inapita kwenye udongo wa juu uliolegea, inaushonea kwenye udongo mgumu wa chini, na mti wenyewe unakunywa maji ambayo yangebaki ardhini. Sijui kama babu aliyajua hayo kwa maneno haya. Alijua kwamba palipo na miti ardhi haiondoki.

Mwaka 2016 nilichaguliwa kuingia kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Babu alikuwa ameshafariki. Baba alihesabu ada, godoro, sare, nauli, na vile vitu vyote ambavyo orodha ya shule huvitaja kana kwamba kila mzazi ana duka. Kahawa ya mwaka ule haikutosha. Akamwita mtu wa mbao. Mipaini yote 31 ilikatwa ndani ya siku nne, ikapakiwa kwenye lori kuelekea Tunduma. Nilikuwepo. Nakumbuka nilifurahi.

Mpaini ukikatwa hauchipui tena. Kisiki hubaki, na mizizi hubaki ardhini ikiendelea kushika udongo kwa miaka michache, kama vile haijapata habari ya msiba. Kisha inaoza. Ndiyo maana mteremko uliokatwa miti mara nyingi hauanguki mwaka uleule. Unasubiri hadi mkataji amesahau. Nilijifunza jambo hili chuoni, mhadhara wa saa mbili asubuhi, na ninakumbuka niliacha kuandika katikati ya sentensi. Nilihesabu kwa vidole. Kisha nikampigia baba simu nikamwuliza hali ya uwanja wa nyuma kwa bibi.

"Kuna kaufa kadogo," alisema. "Tumekaziba."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulifundishwa methali hiyo tangu darasa la tatu. Baba aliitii kama ilivyo: alichukua udongo wa mfinyanzi, akaushindilia kwenye ufa ili maji yasiingie, na kwa kweli hicho ni kitu sahihi kabisa kufanya. Lakini mimi nilibaki na hesabu yangu. Shule iliyonifundisha kwa nini ufa ule umetokea, ndiyo iliyonunuliwa kwa miti ambayo ingeuzuia.

*

Tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nchi nzima iliziona picha zile. Kwetu hazikuonekana kama picha za mbali. Baba alinipigia usiku huohuo: "Mwanangu, njoo utuambie la kufanya."

Nilifika Iyula siku chache baadaye, na nilikuja na mpango. Mtu yeyote aliyesoma miteremko atakwambia kwamba adui wa kwanza ni maji. Udongo mkavu unajishika wenyewe. Chembe zake zinagandamana na kusuguana. Maji yakijaa kati ya chembe hizo, yanazisukuma ziachane, yanaongeza uzito, na mlima uliosimama miaka elfu unaanza kutembea. Kwa hiyo kabla ya kujenga ukuta wowote, ondoa maji. Hiyo ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo ambayo familia kama yetu inaweza kuimudu.

Tulichimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa nyumba. Ulikusanya maji ya bati, ya uwanja na ya njia ya ng'ombe, ukayazungusha kulia, mbali na ufa, ukayamwaga pembeni ya ukingo. Kazi ilichukua wiki tatu. Nilipima mwinuko kwa mpira wa maji kama mafundi wanavyofanya, nikahakikisha mfereji hauendi kasi mno wala hautuami. Binamu zangu walichimba, mimi nikaelekeza. Sikukuu ya Krismasi mchungaji alinitaja kanisani. Bibi aliwaambia wageni wote: "Huyu ndiye msomi wetu."

Ufa haukuongezeka tena. Msimu ule mvua zilikuwa kubwa nchini kote, na nyumba ya bibi haikutikisika.

Usiku mmoja wa Februari maji ya mfereji wangu yalipata mahali pa kupita. Pale yalipomwagikia hapakuwa na jiwe wala nyasi za kuyapokea, ni udongo mwekundu uliolimwa. Yalichimba. Kufikia asubuhi palikuwa na korongo lenye kina cha kifua changu, limepita katikati ya shamba la kahawa la jirani wa chini, limeng'oa mikahawa yake kama 40, na tope lote limeishia kwenye chemchemi ambayo nyumba saba huchota maji.

Jirani huyo ni mjane. Namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Nilisimuliwa jinsi alivyokuja asubuhi ile. Hakupiga kelele. Alisimama uwanjani akasalimia, "Shikamoo, mama." Bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu." Waliulizana habari za usiku, habari za watoto, mpaka adabu ikatimia. Ndipo akasema, "Mama, maji yako yamelala kwangu."

*

Kuna fumbo ambalo wanafalsafa hulipenda. Mwingereza Philippa Foot alilitoa mwaka 1967. Tramu imeshindikana breki. Mbele yake kuna watu watano kwenye reli. Dereva anaweza kuikata kona iingie reli nyingine, ambako kuna mtu mmoja. Afanye nini? Tulilijadili katika kozi ya maadili ya mazingira, na karibu darasa zima tulisema: akate kona. Kupunguza madhara si dhambi.

Baada ya Februari ile nimelirudia fumbo hili mara nyingi, maana mfereji wangu ulikuwa ni kona ileile. Kulikuwa na hatari inayomjia bibi, mimi nikaikata ikaelekea kwingine. Kwa muda nilijifariji hivyo: mikahawa 40 dhidi ya maisha ya mtu. Nani asingechagua kama mimi?

Lakini fumbo lile lina vitu viwili ambavyo havikuwepo Iyula, na kadiri ninavyovitazama ndivyo faraja yangu inavyoisha.

Cha kwanza ni muda. Dereva wa tramu ana sekunde chache, hawezi kushuka kumwuliza yule mmoja. Sisi tulikuwa na wiki tatu. Kila siku ya kuchimba, mama mdogo alipita njia ya juu na ndoo yake. Alitusalimia. Alitupa pole ya kazi. Siku moja alituletea mahindi ya kuchemsha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia, "Mama mdogo, maji haya tunayaleta upande wako, unaonaje?" Sikumficha kwa makusudi. Haikunijia tu akilini kwamba alikuwa sehemu ya hesabu. Kwenye mchoro wangu, shamba lake lilikuwa ni mshale unaoandikwa "maji kutoka".

Cha pili kinauma zaidi. Katika fumbo, anayeokolewa angekufa. Bibi asingekufa. Nyumba ya baba yangu iko mita mia tatu kutoka ukingoni, ina chumba na kitanda. Tangu ufa ulipoonekana tungeweza kumhamishia huko kila mvua inapokuwa kubwa. Tulichokuwa tunakiokoa kilikuwa ni nyumba. Nyumba ile ina thamani, sibishi: babu aliichoma tofali zake mwenyewe, baba na shangazi zangu wote walizaliwa humo. Lakini ni nyumba. Tuliiita maisha ya bibi kwa sababu neno "maisha" linafunga mjadala, na neno "nyumba" lingetulazimisha kumwuliza jirani.

Nadhani huu ni ugonjwa wa kawaida kuliko tunavyokiri. Anayeshika jembe la kuokoa huwa na haraka ya kupandisha thamani ya anachokiokoa, ili bei anayolipa mwingine ionekane ndogo.

*

Kutoka dirisha la chumba changu chuoni naiona milima ya Uluguru. Wanafunzi hupanda mwishoni mwa wiki hadi Morningside, jumba la kale lililojengwa na Wajerumani juu ya mteremko, wakapiga picha. Mimi hupanda nikitazama chini ya miguu.

Katika miaka ya mwisho ya 1940 na mwanzo wa 1950, serikali ya kikoloni iliamua kuiokoa milima hii. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na mito inayoshuka humo ilikuwa muhimu kwa walio tambarare. Wataalamu walikuja na mpango wa matuta ya ngazi, Waluguru wakalazimishwa kuyachimba, kwa adhabu. Mashamba mengi ya huko yana udongo mzuri mwembamba juu ya udongo maskini. Kuchimba ngazi kulileta udongo maskini juu na kuufukia ule mzuri. Mahindi yakadumaa. Wakulima, na hasa wanawake waliojua kila kona ya shamba, walisema hivyo. Hawakusikilizwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa mwaka huohuo.

Zamani niliisoma habari hii kama habari ya ukoloni, na ni kweli ni habari ya ukoloni. Siku hizi naisoma pia kama habari ya mtu mwenye mchoro. Bwana shamba yule aliamini, kama mimi, kwamba kwa kuwa anajua fizikia ya mteremko anajua pia haki ya mteremko. Sikuwa na polisi. Nilikuwa na mchungaji wa kunitaja kanisani. Lakini tulishirikiana kosa moja: tuliwahesabu watu wa chini kama ardhi.

Si kwamba watu wetu hawakuwa na ujuzi wa kushika milima. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro tangu zamani: majani yanalazwa kwa mistari inayokatana, yanafunikwa udongo, na katikati kunabaki mashimo yanayolipokea tone la mvua lilipodondokea, yasilipe nafasi ya kuungana na mwenzake kuwa mto. Kila shimo hubeba maji yake. Huko Kenya, hasa Machakos, wakulima wamechimba matuta ya "fanya juu", ambapo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu, ujenge kinga. Jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya Kiingereza vya wataalamu wa udongo duniani kote. Kukiwa na fanya juu, kuna fanya chini pia: kutupa udongo upande wa chini. Nimekuwa nikicheka kwa uchungu kwamba kila kitu nilichohitaji kujua kimaadili kilikuwa ndani ya majina hayo mawili. Swali ni unatupa upande gani.

Hata ngoro haina usafi wote. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza majani, na wanawake ndio huchimba na kufukia, kazi ndefu na nzito zaidi. Mteremko uliotulia una mgongo wa mtu chini yake. Kila nikiona picha nzuri ya mlima wenye matuta, siku hizi nauliza: mgongo wa nani?

*

Kuna watakaosema jibu ni rahisi: wahame. Aprili 2024, udongo wa Mlima Kawetere ulipofukia nyumba za watu kata ya Itezi, jijini Mbeya, nilisikia watu kwenye basi wakisema, "Nani aliwaambia wajenge mlimani?" Nilikaa kimya, mimi mjukuu wa mtu aliyejenga ukingoni ili tambarare ilime kahawa.

Kuhama nako kuna chini yake. Machi 2010 maporomoko yalifunika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, kwenye Mlima Elgon nchini Uganda. Mamia walikufa au kupotea, wakiwemo waliokuwa wamejikinga mvua kwenye kituo cha afya. Serikali iliwahamishia baadhi ya manusura Kiryandongo, magharibi, nchi ya tambarare. Wengine walirudi mlimani. Ukiwa mbali ni rahisi kuwaita wakaidi. Lakini udongo wa Elgon unazaa, ndugu zao wamezikwa kule, na mtu hahami na kaburi.

Na kuna majengo ambayo dunia imekubali kuyashika kwa gharama yoyote. Katika Alpi za Ufaransa kuna nyumba ya wapanda milima iitwayo Cosmiques, mita 3,613 juu ya usawa wa bahari. Kule barafu iliyoganda ndani ya miamba ndiyo gundi ya mlima, na joto linaiyeyusha. Agosti 1998 mwamba wa karibu meta za ujazo 600 uliporomoka chini ya nyumba ile. Mafundi wakautoboa mlima na kuushona kwa nondo. Nyumbani kwetu Mbozi tuna mfano wetu pia. Kimondo cha Mbozi, kilipojulikana kwa wanasayansi mwaka 1930, kilikuwa kimefukiwa. Walichimba kuzunguka, wakakiachia nguzo ya udongo chini yake, na baadaye nguzo hiyo ikaimarishwa kwa zege. Nimekitembelea mara mbili na shule. Watoto wote hulishangaa jiwe. Mimi ningependa kurudi nikaitazame ile nguzo.

Sina kinyongo na kimondo wala na wapanda milima wa Ufaransa. Wanaopita chini ya Cosmiques ni watu waliochagua kwenda huko, wanaijua hatari, wana kamba na helmeti. Mama mdogo hakuchagua kuzaliwa chini ya mfereji wangu. Hapo ndipo ninapoona mpaka. Unaweza kushika jengo lako kwa kila nguvu uliyonayo, mradi wanaoishi chini yake wamekubali kuishi chini ya uamuzi wako. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ni sheria nzuri, nami naitetea. Lakini inapima umbali wa kulala. Deni la mlimani ni la wima, na hakuna tepu inayolipima isipokuwa mdomo wa jirani.

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa sheria, alinibana hapa. "Je, angekataa? Ndiyo kusema jirani mmoja ana kura ya kuiangusha nyumba ya bibi yako?" Nilichelewa kumjibu. Jibu langu sasa ni hili: angekataa, tungetafuta njia nyingine ya maji, na ikikosekana tungemhamisha bibi na kuiacha nyumba ijitetee. Ingeuma. Lakini maumivu yangekuwa kwa wenye nyumba, siyo kwa mtu ambaye hajawahi hata kulala humo. Kumwuliza mtu swali ambalo jibu la "hapana" haliruhusiwi ni kumtaarifu tu.

*

Juni 2024 nilirudi. Kikao kilifanyika uwanjani kwa bibi: baba, shangazi, binamu, mzee wa kitongoji, na mama mdogo. Baba aliomba radhi kwanza, kwa kusimama. Nami nikasimama. Nilikuwa nimeandaa michoro mitatu. Niliiacha ndani ya begi.

Tulitarajia mama mdogo aanze na fidia. Alisema fidia ataizungumza mwisho. Kwanza alitaka twende naye tukatembee. Akatuongoza kushoto, upande ambao sikuwahi kuufikiria, akatuonyesha mbonyeo mpana kati ya shamba letu na la jirani mwingine. "Zamani maji yalikuwa yanapita hapa, yanashuka kwenye miamba kule," alisema. "Palikuwa na matete. Baba mkwe aliyekuta ndiye alinionyesha. Marehemu mzee wenu alipalima akaweka kahawa." Bibi alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kweli. Nilikuwepo."

Mkondo ulikuwepo tangu awali. Babu yangu, yuleyule aliyepanda mipaini, ndiye aliyeufunga. Nami kwa elimu yangu yote sikuuona kwa sababu sikumwuliza mtu aliyekuwa akiutazama kutoka chini.

Tuliutoa mfereji wangu kule kulia. Mistari miwili ya kahawa yetu iling'olewa ili mkondo wa zamani ufunguke, tukapanda matete, tukaweka vizuizi vya mawe kila hatua kadhaa ili maji yashuke kwa kupumzika. Korongo la mama mdogo tulianza kuliziba kwa vizuizi vya matawi na mawe, litachukua miaka. Fidia ya mikahawa baba anailipa kila msimu, kidogo kidogo. Chini ya ukingo tumepanda miti ya kienyeji. Bado ni mifupi kuliko mimi.

Kilichobaki kilikuwa nyumba. Chumba cha nyuma, cha bibi mwenyewe, kilikuwa karibu mno na ufa, na uzito juu ya ukingo ni mzigo kwa ardhi iliyochoka. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo chumba changu ndicho kinachoisukuma kahawa ya huyu?" Nikasema, kwa sehemu, ndiyo. Siku ya pili alihamisha kitanda chake chumba cha mbele. Tofali tulizozibomoa zilishushwa bondeni kwa vichwa vya wajukuu, zikajenga ukuta wa chemchemi.

Kisha tukakita vigingi na kukubaliana namba. Ikifika 45, bibi atahamia kwa baba. Namba hiyo hatukuipanga wenyewe. Mama mdogo alikuwepo, na alitaka iwe 42. Tulivutana. Tulipatana kwamba ikifika 42 yeye na watoto wake watapewa mahali pa kulala kwetu juu kila usiku wa mvua kubwa, hata kabla bibi hajahama. Ni wazo lake. Mimi nisingelifikiria.

Sijui bibi atafanya nini ikifika 45. Ameshaniambia mara mbili, kwa upole, kwamba babu hahami. Kaburi lake liko kona ya juu ya uwanja, limepakwa chokaa. Naweza kumweleza habari ya maji na chembe za udongo mpaka usiku uingie. Najua atanisikiliza, atanisifu, na atabaki. Wakati huo itabidi mtu amwambie kwamba kubaki kwake kunamlaza mama mdogo macho, na nadhani huyo mtu ni mimi, kwa kuwa ile miti 31 iliuzwa kwa ajili yangu.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilikuwa maktaba simu ilipotetemeka. "39 na nusu," ameandika binamu yangu, zilezile tangu Machi. Halafu, kwa mara ya kwanza, akaongeza maneno: "Mawingu yameanza upande wa Zambia. Mama mdogo anauliza kama matete yameshika."

Nilimjibu amwambie aende akayavute aone. Mizizi ikikataa mkono wake, yameshika.